Mgunda Mkali: Pori na Historia kwa Watoto wa Urambo

Wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe waliipa sehemu moja ya njia yao jina la Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Lakini shamba hili, lililo baina ya Ugogo na Unyamwezi, halikuwa na mavuno ila kiu. Ni nyika ya vichaka vilivyosongamana, na maji yake ni ya kubahatisha. Aliyeivuka salama alifika Tura, kisha Tabora, na mbele yake ikamngoja Urambo na njia ya Ujiji.

Jina hilo ni somo zima. Ndani yake mna jiografia, mna historia, na mna jasho la watu ambao vitabu vimewataja kwa idadi ya mizigo yao tu. Mtoto wa shule anayekariri kwamba Burton na Speke waliwasili Tabora mwaka 1857, bila ya kuujua ukame waliouvuka na mabega yaliyowabebea vitu vyao, amejifunza nusu ya habari.

Kusini ya Urambo unapita mto Ugalla, ambao pori lake lilihifadhiwa tangu mwaka 1965 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Hapana darasa bora kuliko hilo. Wakati wa kiangazi miombo hupukutisha majani, mto hukatika ukabaki madimbwi, na viboko na mamba hubanana humo wakingoja mvua. Mwanafunzi akiyaona hayo, hahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini Wanyamwezi wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakarejea kulima mvua zilipokaribia. Msafara ulifuata maji kama wanyama wafuatavyo maji.

Hapo ndipo Mirambo anapofahamika. Katika mwaka 1871 mtemi huyu wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, na wafanyabiashara wa Tabora wakapigana naye. Stanley alikuwa upande wao, na kwake Mirambo alikuwa jambazi. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alichanjiana naye udugu wa damu, akamfananisha na Napoleon. Masimulizi mengi ya pwani yalibakia na hukumu ile ya kwanza. Lakini aliyeijua nchi yake, penye maji na pasipo maji, aliweza kudai ushuru kwa kila apitaye. Naye hadi alipofariki mwaka 1884 hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Ama somo hili lina uchungu wake, wala haifai kuwaficha watoto. Njia hiyo ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa. Pembe za ndovu zilisafirishwa kutoka Unguja hadi Marekani, zikageuzwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Mtoto akiuliza ndovu walikwenda wapi, jibu la kweli linaanzia porini na kuishia katika maghala ya pwani. Mirambo mwenyewe alikuwamo katika biashara hiyo. Mashujaa nao wana hesabu ya kutoa.

Urambo ina funzo jingine, la karibu zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Pori lilifyekwa kwa mitambo kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikapotea. Baadaye tumbaku ilishika nafasi ya karanga, nayo hukaushwa kwa moto wa kuni. Kila bani la tumbaku, basi, lina deni kwa msitu ule ule unaompa mrina asali yake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili ya Urambo si kaburi la mtemi peke yake. Ni mti, dimbwi na njia. Watoto wakipelekwa Ugalla, wasionyeshwe wanyama tu kama watalii. Waonyeshwe pia penye maji, waambiwe nani alikunywa hapo kabla yao na alikuwa amebeba nini. Na mtoto wa Unguja, ambaye babu yake huenda alingoja msafara huo ufike Bagamoyo, naye astahiki kuambiwa habari hiyo hiyo, bila kupunguziwa neno.