Boma la Kale la Dar es Salaam: Nyumba na Jina Lake

Wapitao penye kona ya Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, jijini Dar es Salaam, huitazama nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi, nao husema ni nyumba ya Wajerumani. Jina la Boma la Kale limeieneza sana dhana hiyo. Hata hivyo, kuta zake ziliwatangulia Wajerumani kwa miaka ishirini hivi.

Nyumba hii ilijengwa mnamo 1866 hadi 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiunda mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Ilikusudiwa kupokea wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870, naye Barghash, aliyemrithi, hakuujali mji huo; majengo mengi yakaachwa yabomoke.

Tuitazame nyumba yenyewe. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na hapo ndipo fundi alipowekewa mpaka: kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa bila kupinda, upana wa chumba uliamriwa na mti, wala si na utajiri wa mwenye nyumba. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mwambao ni virefu na vyembamba. Unene wa kuta huzuia joto la mchana, na paa lake la bapa ni mfano wa ujenzi uliotoka Zanzibar. Sultani naye, tuongeze, alilala chini ya boriti zile zile.

Uzuri huo usitufumbe macho. Nyumba ilijengwa katika dola ambayo uchumi wake ulitegemea utumwa, nalo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Majina ya wageni wa Sultani yaweza kutafutwa katika barua za mabalozi. Ya waliobeba mawe hayamo.

Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianzisha kituo mjini, na mwaka huo huo mmisionari Johann Jakob Greiner akafika. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo. Utawala ulizitwaa nyumba za Majid zilizosalia, hii ikiwa mojawapo, kwa sababu zilikwisha kujengwa na zilikuwa imara. Ndivyo jina la boma lilivyoishika nyumba ya wageni. Waingereza walipouingia mji Septemba 1916, waliirithi pamoja na jina hilo.

Mwaka 2017, baada ya ukarabati, ilifunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Kazi ya namna hiyo yadai chokaa. Saruji, ambayo mafundi wa leo huipenda kwa kukauka upesi, huziba pumzi ya jiwe la matumbawe. Unyevu hubaki ndani, na ukuta huanza kuoza ungali unang’aa kwa nje.