Kete, Redio na Kioo: Kucheza bila Macho Uzaramoni

Kwenye mabao mengi ya Kiswahili, mashimo 30 huchongwa ya mviringo na mawili ya mraba. Hayo mawili ni nyumba, moja ya kila mchezaji, na mraba wake si pambo. Nyumba ina sheria zake kuhusu lini kete zake ziguswe na lini ziachwe, kwa hiyo haifai kuchanganywa na shimo jingine hata mchezo unapokwenda mbio. Kidole kinachopita juu ya safu huitambua bila kusubiri jicho. Jambo hili dogo la useremala linafaa kuwa mwanzo wa mjadala ambao kwa kawaida huanzia mbali na kwetu: mjadala wa gemu kubwa za safari na mapambano zinazochezwa kwenye PlayStation na Xbox, na namna watu wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo wanavyoweza kuzicheza. Hoja yangu ni kwamba uwezo huo wa mchezo kuchezeka na watu wote haukuvumbuliwa na kampuni za Marekani na Japani, wala si hisani. Michezo ya Uzaramo, kuanzia Kisarawe, Maneromango na Mzenga hadi kata ya Vihingo, ilikuwa nao kwa vizazi. Ulipotea kwa sababu zinazoelezeka, na sasa unarudishwa kwenye mashine kwa gharama kubwa. Anayejua ulikuwa umekaa wapi ndani ya mchezo atajua pia pa kuurudisha.

Bao huchezwa kwa kete 64, ambazo pwani mara nyingi ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zenye ganda linaloteleza. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 ndani ya nyumba na mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani, na nyingine 22 huwa akiba anayoiingiza moja moja katika awamu ya namua. Akila kete za mwenzake huzisambaza kuanzia pembeni, na zamu yake huendelea mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu, hapo amelala. Habari zote hizo zinashikika na zinasikika. Kete inayoangukia shimo tupu hugonga ubao, inayoangukia shimo lenye kete hugonga komwe wenzake, na mzoefu anaweza kujua kwa mlio kwamba mpinzani amelala. Kiganja kinajua kama kimebeba kete tatu au tisa. Ugumu wa bao uko kwenye kuhesabu mizunguko ijayo na kukumbuka kilichomo katika mashimo 32. Mholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, aliushughulikia mchezo huu kama suala la uwezo wa akili. Hata mtu asiyeweza kutumia mikono anaweza kutaja shimo na upande, mwingine akamtilia kete, na ushindi ukabaki wake, kwa kuwa kinachoshindaniwa ni uamuzi.

Masimulizi ya usiku nayo yalikuwa mchezo, na wa kushiriki. Aliyesema paukwa alisubiri pakawa. Aliyetega kitendawili alidai jibu, na asiyelijua alilazimika kutoa mji. Zimwi lilikuwa na sauti yake na sungura alikuwa na yake, hatari ilitangazwa kwa wimbo ambao wasikilizaji wote waliuitikia, na safari ya shujaa ilifuatwa kwa masikio mpaka mwisho. Ukizitafuta gemu zetu za kwanza za safari na mapambano, ni hizo, na zilichezwa gizani ambako macho hayakumpa mtu yeyote faida juu ya mwenzake.

Atakayepinga atasema kwamba napamba zamani. Watu wenye ulemavu walifichwa majumbani, na bao kuchezeka kwa mkono hakumaanishi kwamba asiyeona alikaribishwa barazani. Pingamizi hili lina uzito. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950 na Chama cha Wasioona Tanzania kikaundwa mwaka 1964 kwa sababu palikuwa na dhuluma ya kweli ya kupigana nayo. Lakini tusichanganye mambo mawili. Jamii inaweza kumfukuza mtu kwenye mchezo ambao mwenyewe angeuweza, na hilo linarekebishwa kwa kubadilisha watu. Mchezo wenyewe unaweza kumfukuza mtu hata pale ambapo kila aliyepo anamtaka acheze, na hilo halirekebishwi kwa upendo wala semina. Linarekebishwa na aliyeuunda. Bao lilikuwa na tatizo la kwanza tu. Gemu ya video ya kawaida ina la pili, na ndilo ninalolishughulikia.

Kabla ya gemu kulikuwa na redio, na hapa Tanzania Bara ina historia ambayo nchi chache zinayo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, kituo hicho kikaja kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) mwaka 1965, na Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa karibu miaka 30 ya RTD, basi, mpira wa miguu ulisafiri kutoka uwanjani hadi vijijini kwa njia ya sikio. Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella Abidjan, mtu wa Mzenga au Vihingo asiyeweza kufika Dar es Salaam aliutegemea utangazaji, awe anaona au haoni. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walijua wanamtangazia mtu asiye na picha yoyote. Iliwabidi waseme nani ana mpira, yuko upande gani wa uwanja, anaelekea lango la kaskazini au la kusini, beki yuko umbali gani, na waseme hayo kwa kasi ya mpira wenyewe. Sauti ilipanda mpira ulipokaribia kumi na nane, na msikilizaji alijua hatari imekaribia hata kabla ya kulisikia jina la mfungaji. Ile ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa, na ninaamini hatujaiheshimu vya kutosha. Picha ilipofika, mtangazaji aliruhusiwa kunyamaza. Mtazamaji anajionea, kwa hiyo anaambiwa takwimu na historia za wachezaji badala ya mahali mpira ulipo. Gemu za video zilipoenea katika vibanda vya mijini zilikuta hali hiyo: televisheni katikati, na dhana kwamba kilichoko kwenye kioo hakihitaji kusemwa.

Redio hiyohiyo, hata hivyo, ilimwacha kiziwi nje kabisa. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, na wanafunzi wake walikua katika taifa ambalo habari, michezo ya kuigiza na mpira vilipita masafa ya redio. Kwao, picha ya mwaka 1994 ilikuwa ahueni. Sitaki hili lipite haraka, kwa sababu linaizuia hoja yangu isigeuke kuwa sifa za sikio dhidi ya jicho. Asiyeona alipata alichokosa kiziwi, kisha wakabadilishana nafasi, na hakuna mwili uliobadilika kati yao. Kilichobadilika ni njia ambayo habari ilipitishwa, na kila mara ilikuwa moja.

Watengenezaji wa gemu walichelewa kulitambua hilo, ingawa dalili zilikuwepo. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa kifaa cha kuvaliwa kifuani, kinachoendeshwa kwa kidevu na kwa kupuliza na kuvuta hewa kwenye mrija. Mwaka 1997 Kenji Eno wa Japani alitengeneza gemu ya Sega Saturn isiyo na picha hata moja, baada ya kukutana na watu wasioona waliokuwa wakicheza gemu za kawaida kwa taabu. Mwaka 2018 Microsoft ikauza pedi yenye matundu ya kuchomekea swichi za kila aina, ili anayetumia goti, kiwiko au kidevu apange vitufe vyake mahali anapopafikia. Hatua kubwa ilikuwa gemu ya The Last of Us Part II, ya Juni 2020, yenye mipangilio zaidi ya 60 ya kuwawezesha wachezaji wenye ulemavu. Mmarekani asiyeona, Brandon Cole, alikuwa miongoni mwa washauri wake, na watu wasioona kabisa wameimaliza. Kitufe kimoja huelekeza mchezaji njia ya kwenda mbele, kila tendo lina mlio wake, adui husikika upande aliko, na maandishi husomwa kwa sauti. Kwa mwenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, mandhari yote hugeuka kijivu, marafiki huwa bluu na maadui wekundu. Kiziwi hupewa jina la msemaji na mshale unaoonyesha sauti imetokea wapi. Mwaka 2022 toleo jipya la sehemu ya kwanza likaongeza msimulizi anayeeleza yanayotendeka katika vipande vya filamu ndani ya gemu. Mashabiki wa mpira wa RTD wangeitambua kazi yake mara moja.

Wapo wanaosema kwamba gemu ikirahisishwa hivyo inakosa maana. Jibu liko kwenye ile nyumba ya mraba: kidole kuitambua hakumpunguzii mtu hesabu hata moja ya bao. Mbunifu anapaswa kujiuliza mchezo wake unapima nini. Kama unapima ujanja wa kumkwepa adui, basi kutojua kabisa adui yuko wapi si sehemu ya mtihani. Ni karatasi ya mtihani ambayo haikuchapishwa. Kuna mipangilio inayopunguza ugumu wenyewe, kama kumfanya adui awe mzito wa kuona, lakini hiyo ni hiari na imetengwa na ile inayofikisha habari.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi kwangu: haya yanahusu nini Vihingo, ambako mashine ya gemu ni anasa? Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja burudani na michezo waziwazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Burudani si haki ya kusubiri umasikini uishe. Isitoshe, gemu ya leo iko kwenye simu. Simu ya Android ina kisoma skrini, na ina sauti inayosoma Kiswahili. Asiyeona hutumia njia hiyo kusoma ujumbe, lakini akifungua gemu kisoma skrini mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa kwake gemu nzima ni picha moja isiyo na neno la kushika. Hizo gemu kubwa zinazosifiwa nazo hazisemi Kiswahili, na mipangilio yake yote husomwa kwa lugha ambayo mtu aliyesoma shule ya msingi tu haifuati. Kwa hiyo hapa kwetu kazi ni mbili: waandaaji wa gemu nchini wayakabidhi maandishi yao kwa kisoma skrini tangu siku ya kwanza ya kuandika programu, wakati bado ni rahisi, na wanapohitaji msimulizi wa Kiswahili wamtafute miongoni mwa waliojifunza kutangaza mpira redioni.