Kufunga Shingo Isiyotulia

Kichwa cha mtu mzima ni mzigo wa kilo 4 hadi 5. Mzigo huo huchukuliwa na pingili ya juu kabisa ya shingo, iitwayo atlasi kwa jina la jitu la hadithi za Wayunani lililobeba mbingu. Chini yake iko pingili ya pili, yenye jino la mfupa lililosimama kama mhimili. Unapogeuka, msomaji, kumtazama jirani yako, karibu nusu ya mgeuko wa shingo hufanyika katika kiungo hiki kimoja.

Nyuma ya jino hilo umepita ugwe wa neva unaotawala mikono, miguu na pumzi. Jino likivunjika kwa ajali, au kano zikalegea kwa baridi yabisi, atlasi huteleza, na mtu aweza kupooza au kufa. Hapana budi pingili hizo zifungwe. Je, zifungwe kwa nini?

Mwaka 1910 madaktari Mixter na Osgood wa Marekani walieleza jinsi walivyozifunga kwa uzi wa hariri. Mwaka 1939 William Gallie wa Toronto, Kanada, alieleza njia ya kutumia waya pamoja na kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo penye hekima: waya hushika kwa muda tu, bali mfupa ukiota huunga daima. Lakini waya huo wa katikati haukuzuia vema shingo kujigeuza. Brooks na Jenkins, mwaka 1978, waliweka waya na mfupa kila upande. Uimara uliongezeka, na hatari pia, kwa maana waya ulipita chini ya matao ya pingili zote mbili, karibu sana na ugwe. Aghalabu mgonjwa alivalishwa kigango kigumu kwa majuma mengi.

Friedrich Magerl wa Uswisi alishika njia nyingine, iliyochapishwa mwaka 1987: skrubu mbili zilizopenya kiungo chenyewe, kutoka pingili ya pili hadi atlasi. Ziliimarisha kuliko waya, hata tao likiwa limevunjika. Ila kando yake hupita mshipa wa damu uendao ubongoni, na kwa watu wengine mshipa huo hauachi nafasi ya skrubu. Tena, pingili sharti zirudishwe mahali pake kwanza.

Atul Goel wa Mumbai, India, alitia skrubu katika kila pingili peke yake, akaziunga kwa bamba la chuma. Habari zake zilitoka mwaka 1994. Mwaka 2001 Harms na Melcher wa Ujerumani walieleza njia yao ya fito badala ya bamba. Faida yake ni kwamba pingili iliyoteleza huweza kuvutwa irudi baada ya skrubu kutiwa. Hasara yake ni vena nyingi za mahali hapo, zitokazo damu upesi.

Njia ipi basi ni bora? Kwa uimara, skrubu zimeshinda. Lakini daktari hutazama kwanza picha za mifupa na mishipa ya mgonjwa aliye mbele yake, na pasipo nafasi ya skrubu waya ungali wafaa. Na njia zote zina gharama moja: kiungo kilichoungwa hakigeuki tena. Mgonjwa hutoa sehemu ya mgeuko wake ili aokoe mwili mzima.

Kwa hiyo, msomaji, usiucheke uzi wa hariri. Mwanzo wa ngoma ni lele.