Msalaba wa Shaba na Jiwe la Kijani

Mgeni akikaribia kuondoka Kolwezi, hutafuta kitu cha kuwapelekea jamaa zake kiwe ukumbusho. Ataonyeshwa kidani au yai la malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari. Ataonyeshwa pia picha iliyogongwa kwa nyundo katika bamba la shaba, na msalaba wa shaba wenye mikono minne iliyo sawa. Wengi hununua pasipo kujua wamebeba nini. Basi, wasomaji wapenzi, tuvieleze vitu hivi.

Kwanza tujue kwamba jiwe lile na shaba ni mzazi na mtoto. Zamani, kabla ya kuja Wazungu, Wasanga na jirani zao walichimba malakiti wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga ndani makaa na mawe, wakavuta mivukuto hata shaba ikayeyuka. Kisha waliimimina katika kalibu. Watu hao waliitwa walaji wa shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, alitoa maandishi juu yao mwaka 1926, akayapa jina hilo hilo.

Je, msalaba wao ulikuwa wa Kikristu? Sivyo. Umbo lake ni la kukingamana kama herufi X, nasi hutukumbusha msalaba wa Mtakatifu Andrea. Lakini kwao ulikuwa fedha. Watu walinunulia mali na kulipia mahari. Heshima yake haikupotea upesi: Katanga ilipojitenga, mwaka 1960 hata 1963, bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya namna hiyo, na sarafu zake za mwaka 1961 zilichorwa msalaba huo huo.

Tena msalaba huo uliwafuata wafu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la mto Lualaba. Waliikuta misalaba ya shaba pamoja na mifupa, mingine kifuani. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na yenye kulingana, ndiyo dalili ya fedha inayohesabiwa. Kumbe jamaa walimpa marehemu sehemu ya mali yao, wasimwache aende mikono mitupu.

Yatupasa nini, basi? Kwa fundi wa leo tununue kwa furaha, wala tusimpunje. Kusugua malakiti si kazi nyepesi, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Anayebishana mpaka fundi akose bei ya unga amejipatia pambo zuri kwa njia mbaya.

Lakini mtu akikunong'oneza kwamba msalaba wake ni wa kale, umetoka ardhini, uache. Huenda anakudanganya, nawe utapoteza fedha bure. Huenda anasema kweli, na hilo ni baya zaidi, maana kuna kaburi lililofunuliwa. Kanisa latufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Tutawezaje kutundika ukutani kitu alichonyang'anywa maiti? Msalaba mpya wa fundi wa Kolwezi watosha. Nao utamlisha aliye hai.