Picha Kongwe Zilizozaliwa Jana

Binadamu apenda kuitazama hatari akiwa yeye mwenyewe salama. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio mjini Paris picha zinazokwenda, na haukupita muda mrefu kabla ya sinema kuigundua tamaa hiyo na kuilisha. Farasi wakakimbizwa, magari yakagonganishwa, watu wakaning'inia kwenye majengo marefu. Nakusihi, msomaji, tufuatane katika historia ya mambo hayo, kwa sababu mwisho wake unakugusa wewe uliye darasani leo.

Hapo zamani hatari ya sinema ilikuwa hatari ya mwili. Katika sinema ya mwaka 1928 iitwayo Steamboat Bill, Jr., Buster Keaton asimama mbele ya nyumba wakati wa dhoruba. Ukuta wa mbele waanguka mzima juu yake, naye apona kwa kuwa amesimama mahali hasa panapopitiwa na uwazi wa dirisha la juu. Ukuta ule ulikuwa mzito kwelikweli. Kosa dogo la kipimo lingaliweza kumwua. Mwaka 1939, katika Stagecoach, Yakima Canutt alijiangusha katikati ya farasi waliokuwa wakivuta gari mbio, akaburutwa chini, kisha akaachia, farasi na gari wakampita juu.

Hatusemi kwamba wazee wale hawakujua hila. Harold Lloyd aliponing'inia kwenye saa kubwa katika Safety Last! ya mwaka 1923, ukuta wa saa ile ulikuwa umejengwa juu ya paa la jengo, ili barabara ya Los Angeles ionekane mbali chini ya miguu yake. Lakini mkono ulioishika saa ile ulikuwa wa kweli, na tena ulikuwa na upungufu. Mwaka 1919 bomu lililodhaniwa kuwa la mchezo lilimlipukia, likamkata kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kuume, na tangu hapo alificha jeraha hilo ndani ya glavu alipokuwa akicheza.

Picha hizo zimezeeka, na uzee umeziachia alama. Utepe uliopitishwa mashinani mara nyingi hupata mikwaruzo. Rangi za tepe nyingi zilizopigwa tangu miaka ya 1950 zilichujuka zikabaki wekundu. Sinema za kimya zilipigwa kwa kamera iliyozungushwa kwa mkono, basi zikionyeshwa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, watu huonekana wakienda upesi kuliko desturi. Alama hizo hazikuwa pambo. Zilikuwa kama makunyanzi ya uso wa mzee: hapana awezaye kuyapata bila ya kuishi.

Leo makunyanzi yaweza kuagizwa. Mtu huiandikia programu ya akili bandia maneno machache: wapanda farasi wawili wafukuzana jangwani, picha iwe kama ya mwaka 1935, iwe na mikwaruzo. Programu hiyo imekwisha kufundishwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maelezo yake. Huanza na vumbi la nukta zisizo na mpango, ikalisafisha hatua kwa hatua kwa kufuata maneno iliyopewa, hata farasi na jangwa vikatokea. Hakuna kamera, hakuna farasi, hakuna mtu aliyeanguka. Wakati mwingine kosa huonekana, kama mguu wa farasi kupotea au mwili kuanguka bila ya uzito. Lakini makosa hayo yapungua mwaka hata mwaka.

Tarehe 15 Februari 2024, kampuni ya OpenAI ilitangaza programu yake iitwayo Sora. Miongoni mwa mifano iliyoonyeshwa ilikuwamo picha ya California wakati wa mbio za dhahabu, mji mdogo ukionekana kutoka angani. Tafakari, msomaji. Dhahabu ile iligunduliwa mwaka 1848, karibu nusu karne kabla ya onyesho la Paris. Picha ya namna hiyo haikuweza kupigwa. Waliotangaza walisema wazi kwamba ilitengenezwa na mashine; lakini mwenye kuiona bila ya maelezo yale angaliokolewa na kitu kimoja tu, nacho ni kuijua tarehe.

Sasa njoo nyumbani. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Kesho mtu aweza kutengeneza sinema ya kukamatwa huko, yenye mikwaruzo na rangi zilizochujuka, akamfanya Kimathi aseme asilolisema na walinzi watende wasilolitenda. Mtoto atakayeiona ataisadiki kuliko kitabu, kwa kuwa jicho ni jepesi wa kuamini. Huo utakuwa wizi, na kitakachoibwa ni kumbukumbu ya taifa.

Kwa hayo siilaani mashine. Kijana asiye na farasi wala fedha aweza kuitumia kusimulia hadithi njema, na ni heri mwili wa mtu usivunjike kwa ajili ya burudani. Lakini ana wajibu wa kusema waziwazi kwamba picha yake imebuniwa. Tena akumbuke kwamba mashine ilijifunza kuanguka kutoka kwa watu walioanguka. Wachezaji wa sinema wa Marekani walipogoma kuanzia tarehe 14 Julai hadi 9 Novemba 2023, akili bandia ilikuwa moja ya sababu kubwa: hawakutaka sura na kazi zao zitumiwe bila ya idhini na malipo.

Wewe nawe una wajibu wako. Ukiletewa picha kongwe, usiuamini uzee wake. Uliza ilipigwa na nani, wapi, lini, na imehifadhiwa wapi tangu siku hiyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini haifupiki yenyewe, bali hufupishwa na msafiri anayesimama kuuliza.