Maji yalikaa hapa mbele yetu

Leo siandiki juu ya kutafuta kazi. Ninaandika juu ya ukuta mmoja wa nyumba yetu pale Uvira, kwenye kartie za chini, upande wa ziwa. Ule ukuta una mistari miwili ya tope. Wa chini ni wa mwaka 2021, wa juu ni wa 2024. Mara ya kwanza mama alihamisha jiko tu. Mara ya pili tulihama wote, na sasa tunapanga vyumba viwili kule juu, karibu na barabara kubwa.

Watu wa kartie wanasema dunia imeharibika. Wengine wanasema ni laana. Sisi tuliosoma tunasema "mabadiliko ya tabianchi," halafu tunaona tumemaliza mazungumzo. Na mimi nilisema hivyo hivyo, paka siku ile baba aliniuliza: "Kama ni mambo ya sasa, mbona babu yako alikataa kabisa kujenga huku chini?" Nina lisanse ya agronomia, lakini jibu sikuwa nalo. Njo nikaanza kusoma historia.

Mwaka 1858, Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipanda kutoka Ujiji kuhakikisha kwa macho, wakakuta wenyeji walisema kweli. Hapo swali likabaki: Ruzizi inaingia, Malagarasi inaingia, na mito yote ya milimani inaingia. Maji yanatokea wapi?

Mwaka 1874 Cameron aliona mdomo wa Lukuga, pale karibu na Kalemie ya leo, akasema mlango ni huu. Miaka miwili baadaye Stanley alipita pale, akakuta mlango umezibwa na mchanga, tope na matete. Na kule Ujiji aliona jambo ambalo lilinifanya nifunge kitabu nifikiri kidogo: miti ya michikichi aliyoiacha sokoni mwaka 1871 ilikuwa sasa imesimama ndani ya maji. Akaandika kwamba ziwa litapanda mpaka livunje ule mlango. (Huyu mtu simpendi, kwa yale aliyokuja kumfanyia Leopold hapa kwetu. Lakini kwa maji, jicho lake lilikuwa zuri.) Mwaka 1879 Hore, baharia wa wamisionari wa London, alikuta Lukuga inakimbia kwa nguvu. Ziwa likaanza kushuka, na ndani ya miaka kama 15 lilishuka karibu mita 10.

Mita 10! Rafiki yangu mmoja anayepima viwanja alikuja na nivo yake wakati wa kiangazi, tukapima kutoka ukingo wa maji mpaka kizingiti cha mlango wetu. Tofauti ilikuwa ndogo. Maana yake, maji ya wakati ule yangefunika nyumba yetu yote pamoja na manjanja yake, na juu yake mtu angepita na mtumbwi akivua ndagala. Parseli ya baba ilikuwa chini ya ziwa wakati babu wa babu yangu alikuwa kijana.

Wabeleji walikuta ziwa limeshashuka. Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie, mwaka 1915, na bandari ikajengwa pale pale ukingoni. Miji yetu ya ziwa imekua juu ya ufuko ambao maji yaliuacha juzi tu, kwa hesabu ya ziwa.

Halafu ziwa lilirudi. Mwisho wa 1961 mvua ilipiga Afrika Mashariki yote kwa namna ambayo wazee hawakuizoea. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kwa miaka michache. Tanganyika nayo iliendelea kupanda mpaka kilele cha 1964. Babu yangu aliyaona. Sasa mtu atauliza: kwa nini hakuna aliyetuambia? Angalia tarehe. Mwaka 1964, mwezi wa tano, ndipo waasi wa Simba waliingia Uvira. Watu walikimbilia milimani. Ukimuuliza mzee wa hapa juu ya 1964, atakuambia bunduki, njaa, nani alikufa na nani hakurudi. Maji hayatajwi. Vita ilimeza kumbukumbu ya maji, na waliporudi mji, walikuta ziwa linashuka polepole na ufuko unakauka.

Mimi ninaona hii ndiyo sehemu kubwa ya hasara yetu. Kwa sababu vita vingine vilifuata, na watu walioshuka Uvira kutafuta usalama hawakuwa na babu wa hapa wa kuwaambia. Baba alinunua mwaka 2003, karatasi zote zikiwa na muhuri. Babu alikuja kuona, akasema tu: "Hapa ni kwa ziwa. Linakopeshaka, haliuzishake." Baba alicheka.

Tusichanganye mambo lakini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, Mulongwe ulitoka mlimani na mawe na kubomoa maelfu ya nyumba. Lile halikuwa ziwa. Ni mvua kubwa juu ya milima mikali ambayo miti yake tumeikata kwa makala na kwa mashamba, na mto ambao tumeubana na nyumba pande zote mbili. Mulongwe unaua kwa saa moja. Ziwa linakupa miezi, linaingia sentimita kwa sentimita, na kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa mvuke wa jua na kidogo tu kwa Lukuga, likishajaa halina haraka ya kushuka.

Na tabianchi je? Ipo, sikatai. Mwisho wa 1961, mwisho wa 2019 na mwisho wa 2023 vinafanana kwa jambo moja: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, na mvua ikasukumwa kwetu. Watafiti wengi wanaona kwamba dunia ikizidi joto, miaka ya namna hii itakaribiana. Mimi sijafika miaka 30 na nimeona miwili.

Hata shambani ninaona. Chuoni tulifundishwa saizoni A inaanza mwezi wa tisa, panda mahindi mvua ya kwanza ikishika. Niliwafundisha hivyo wamama wa shirika moja la wakulima kwenye uwanda wa Ruzizi. Mvua ilishika, tukapanda, halafu ikakata wiki tatu. Mbegu ilikufa. Saizoni iliyofuata, mama mmoja aliniambia kwa upole: "Ingenia, wewe panda kwa kalenda yako, siye tutangoja." Walingoja, na walivuna. Mimi nilipanda upya.

Kiangazi kilichopita maji yalirudi nyuma kidogo, na mteja akaja kuuliza parseli. Kijana kama mimi, ametoka milimani, ana pesa taslimu. Baba amechoka na kodi ya nyumba. Alikuwa amepaka ukuta chokaa, mistari haionekani tena. Aliniangalia tu, hakusema neno.

Nilimwambia yule kijana: "Kaka, njoo huku nyuma ya nyumba." Kule nyuma chokaa haikufika. Aliangalia mstari wa juu, ulikuwa unamfika kifuani. Aliuliza ni wa nini, nikamwambia. Alishukuru, akaondoka.

Baba hakuongea na mimi siku nne. Siku ya tano aliniuliza kama nivo ya rafiki yangu inaweza kupima kule juu pia.