Umerithi Kamera ya Filamu? Soma Hii Kabla Utoe Doo ya Lenzi

Kama umefungua sanduku la guka huko Buru ama Jericho ukapata kamera ya filamu, usiiuze bei ya vyuma. Mara mingi mwili wa kamera uko poa, shida ni lenzi. Na hapo ndio wasee huchomeka. Mimi nilitoa ngiri tatu kwa lenzi ya Canon, safi kabisa, nikafika keja nikapata haiingii kwa AE-1 ya guka. Muuzaji hakunidanganya. Ni mimi sikuuliza.

1. Jua mdomo wa kamera yako
Jina la kampuni halitoshi. AE-1 inatumia lenzi za FD, za kutoka 1971. Mwaka wa 1987 Canon walileta mdomo mpya, EF, na hizo mbili haziingiliani. Pentax K1000 inashika lenzi za K. Zenit na Praktica nyingi za kitambo ni M42: unafunga lenzi ukizungusha kama kifuniko cha chupa. Nikon wako na mdomo wa F tangu 1959, lakini chunga: lenzi zao mpya mingi hazina ringi ya kubadilisha tundu la mwanga, so kwa kamera ya kitambo hutaweza kuzicontrol. Rahisi zaidi? Beba kamera yako, ujaribu hapo hapo.

2. Anza na 50mm
Hizi ndizo zilikuwa zinauzwa na kamera enzi hizo, so ziko mingi na bei iko chini. Tafuta 50mm f/1.8 ama f/2. Kwa M42, Helios 44 ya Mrusi, 58mm f/2, ni kali. Usidanganywe na zoom ndefu ya f/4. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 5 zaidi, na ndani ya keja ya Umoja saa kumi na mbili jioni utaona hio tofauti.

3. Vile utaikagua
Washa tochi ya simu, angalia ndani ya lenzi kutoka pande zote mbili. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hio ni fangasi. Wacha. Vumbi kidogo ni sawa. Mkwaruzo mdogo mbele pia si noma sana, wa nyuma ndio mbaya.
Zungusha ringi ya kufokasi. Iende pole pole bila kukwama ama kucheza cheza.
Sasa ifunge kwa kamera isiyo na filamu. Fungua mgongo, weka spidi ya B na tundu f/16, chungulia, finya na ushikilie. Unafaa uone katundu kadogo. Likibaki kubwa, vile vibati vya ndani vimeshikana na mafuta.

4. Adapta
Lenzi ya M42 inakaa vizuri kwa Pentax ya K ukitumia adapta. Kwa Nikon, adapta isiyo na kioo itakunyima kufokasi vitu vya mbali.

5. Ukishanunua
Usiifungie kwa begi ya ngozi chini ya kitanda, fangasi inapenda giza na unyevu. Weka kwa chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, na vile vipakiti vya chembechembe vinakujanga na viatu vipya.

Mimi nilipata FD 50mm f/1.8 baadaye, kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Guka alipiga picha za Sikukuu za mtaa mzima na hio AE-1, lakini za shosh ziko mbili tu. Sasa ziko roll nzima. Beba kamera, beba tochi, na usitume M-Pesa kabla lenzi iseme klik.